Maelezo Niliyotia Sahihi

Mume wangu Thomas aliuawa katika shamba la zabibu alilokuwa akililinda, kule Hombolo. Nilipofika asubuhi walikuwa wameshamfunika turubai. Sikulia. Nilishika pembe moja ya turubai isipeperushwe na upepo, mpaka polisi walipokuja.

Karibu na bomba la maji palikuwa na alama ya kiatu kwenye udongo. Waliimwagia plasta, ikaganda, wakaondoka nayo.

Siku ya nne baada ya mazishi, askari mpelelezi alikuja nyumbani na mfuko. Ndani mlikuwa na katambuga, viatu vya tairi ambavyo nusu ya wanaume wa kwetu huvaa. Alisema wamevichukua kijijini kwenye msako.

"Pole na msiba, mama. Hivi unavijua?"

"Ni vya kaka yangu, Nikodemo."

"Una uhakika?"

"Mkanda huu niliushona mimi."

"Aliwahi kugombana na marehemu?"

"Mara moja, ng'ombe wake walipoingia shambani. Wakapatana."

Aliandika kwa muda mrefu kuliko nilivyosema, akanisomea harakaharaka, nikatia sahihi. Nilikuwa sijala siku mbili. Karatasi yoyote angenipa, ningetia sahihi.

Nikodemo alikamatwa, akakaa mahabusu mwaka mmoja na miezi minne. Wifi yangu Hilda aliacha kunisalimia. Mama yetu akawa akija kwangu hagusi chakula. Nilikuwa nikiona yote hayo kama mambo ya nyumba ya jirani. Nilichota maji, nikapogoa mizabibu. Watu waliniuliza kama naamini kaka yangu ndiye aliyeua. Asubuhi niliamini, jioni sikuamini, na yote mawili hayakuniuma.

Siku ya kutoa ushahidi, mjini Dodoma, nilisomewa maelezo yangu: "Nimeitambua alama iliyokutwa eneo la tukio kuwa ni ya kiatu cha kaka yangu."

"Sikusema hivyo," nikamwambia jaji. "Alama sikuonyeshwa. Nilionyeshwa viatu."

"Sahihi hii si yako?"

"Ni yangu, mheshimiwa. Nilikuwa nimefiwa."

Baada yangu akaja mtaalamu wa alama. Alisema plasta na kiatu vinalingana. Wakili wa Nikodemo akamuuliza fundi hukata jozi ngapi kwenye tairi moja. Hakujua. Akamuuliza kama alilinganisha na viatu vya watu wengine pale kijijini. Hakulinganisha.

"Kwa hiyo ni kiatu hiki, au kinafanana na hiki?"

Mtaalamu alipekua karatasi zake.

"Kinafanana."

Nikodemo aliachiwa. Alikuja kwangu wiki iliyofuata, amekonda, akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa.

"Evodia, uliwaambia nini?"

"Kwamba viatu ni vyako."

"Ni vyangu kweli." Akatazama mikono yake. "Uliamini?"

"Kuna siku niliamini."

Alitikisa kichwa taratibu, akaomba maji. Nilimpa, akanywa, akaomba mengine.

Aliyemuua Thomas hajajulikana hadi leo. Mwezi uliopita alikuja askari mwingine, mpole, akasema wanataka kuanza upya, niongee naye kidogo tu. Nikamwambia nitaongea Nikodemo akiwepo, na kila atakachoandika anisomee polepole, neno kwa neno. Akasema atarudi siku nyingine.

Hajarudi.