Siku Godelieve Alipoigeuza Kamioneti

Moteri ya gari ilifika Baraka Jumanne asubuhi, ndani ya mashua ya Saleh iliyotoka Albertville, imezungushiwa magunia kama mgonjwa wa homa. Wanaume wanne waliitundika kwenye mti wakaibeba mabegani kutoka ufukweni, na Godelieve akatangulia mbele yao akifukuza mbuzi njiani. Mwaka ulikuwa 1956, na moteri ile alikuwa ameingoja miezi kumi na minne.

Mumewe, Eugène, alikuwa dereva wa lori katika barabara ya Uvira mpaka siku lori lilipopinduka karibu na Mboko likamvunja nyonga. Tangu hapo alitembea kwa magongo mawili. Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao alimwachia kamioneti, gari dogo la mizigo, iliyokufa, haina moteri. Ilivutwa hadi nyumbani kwa magurudumu ya kuazima, ikaingizwa katika gereji ya mabati waliyoijenga nyuma ya nyumba, na jioni ileile magurudumu yakarudi kwa mwenyewe. Kamioneti ikabaki imekaa juu ya mafungu manne ya vipande vya mbao.

Eugène hakuweza kuingia chini yake. Basi alikaa kwenye kiti akisema, na Godelieve alilala chali chini ya gari akitenda. Akitoka shamba la mihogo, ananawa, anashika spana. Mwanzoni majirani walicheka. Baadaye wakawa wanamletea baiskeli zao.

Moteri ilipotuliwa mlangoni, Eugène aliipapasa mpaka vidole vikawa vyeusi.

"Mama Suzanne! Leo tunaiweka!"

"Tutaiwekaje, baba Suzanne? Angalia pua ya motokari iko wapi."

Hapo wote wakaangalia. Boriti pekee yenye nguvu ya kuning'iniza moteri ilikuwa upande wa mlango. Kule ndani paa lilishikwa na vijiti tu. Na kamioneti ilikuwa imeelekeza pua ukutani, matako mlangoni. Kuitoa nje haikufaa, maana uwanja uliteremka hadi kwenye mtaro. Ilibidi igeuzwe palepale ndani, pua ije mlangoni, na gurudumu haina hata moja.

"Muite banaume kumi," Eugène alisema. Macho yalimng'aa kama ya kijana. "Bainue, bageuze, imeisha!"

Godelieve alisita. Lakini furaha ilikuwa imemshika naye, na mtu mwenye furaha huona kila kitu chepesi. Wanaume kumi hawakukawia kupatikana, wakiongozwa na Casimir, mwalimu wa katekisimu, aliyekunja mikono ya shati hadi mabegani. Jambo moja tu Godelieve alilikazania: fungu la mbao lisogezwe kwa mti mrefu, mtu asiingize mkono chini.

"Moja, mbili, tatu!"

Matako ya kamioneti yakainuka. Wakapiga hatua moja, wakapiga ya pili. Kisha mmoja akateleza, wa pembeni akaona uzito umemjia peke yake akaachia, na wote wakaruka kando kwa mara moja kama panzi. Kamioneti ikaanguka kwa kishindo kilichotikisa mabati. Vumbi likajaa.

"Casimir!" Godelieve alipiga kelele.

"Mi niko hapa." Casimir alikuwa amekaa chini, anautazama mguu wake mtupu. Kiatu chake kilikuwa chini ya bampa, kimebanwa bapa kama chapati. Mguu ulikuwa umechomoka kwa bahati. Mtu mmoja akacheka, wakacheka wote. Godelieve hakucheka. Akawaambia watoke nje wote.

Ndipo Useni akaingia. Alikuwa fundi wa mashua, jirani yao wa karibu, na kishindo kile alikuwa amekisikia kutoka kwenye kazi yake. Aliizunguka kamioneti mara moja, akapiga mbao teke kidogo.

"Mama Suzanne, mashua yangu ni nzito kupita hii, na hakuna muntu anaibeba," alisema. "Tunaitembeza juu ya magogo."

"Mashua inaenda mbele tu, fundi. Hii inatakiwa kuzunguka."

Useni akakuna kidevu. Godelieve akachuchumaa, akaifikiria kazi ile kwa namna alivyofikiria kazi zake za nyumbani. Sanduku lake la nguo, lile zito la mninga, alilihamishaje alipokuwa peke yake? Kona moja aliiacha ikae, na ile nyingine akaitembeza, kisha akabadilisha. Akaruka juu.

"Kwanza pua haiendi popote! Pua inakaa juu ya gogo moja fupi, pana, tunaipaka mawese. Matako ndiyo yanatembea mpaka ukutani, kisha tunabadilisha: matako yanakaa, pua inakuja mlangoni. Na magogo ya nyuma hatuyapangi sambamba. Tunayapanga hivi!" Akatandaza vidole vya mkono wake.

Useni aliutazama ule mkono, kisha akatabasamu polepole. "Naleta magogo," akasema, akatoka karibu akikimbia.

Wanaume wakarudi ndani, kazi ikaanza upya, na safari hii haikuwa ya nguvu. Godelieve alitandika mbao ndefu juu ya udongo ili magogo yasizame. Akaleta kriki ya kuinulia gari, akaiwekea ubao mpana chini, kwa sababu upande mmoja paa lilikuwa likivuja na ardhi ilikuwa laini. Aliinua kona moja kadiri ya upana wa kidole, akasukuma kipande cha mbao chini kwa mti, ndipo akainua tena. Kona zote nne alizifanya hivyo, mpaka pua ikakalia gogo la mawese na matako yakakalia magogo ya Useni. Hakuna mahali gari lilipobaki likitegemea kriki peke yake. Mwisho akafunga kamba ya mashua kwenye ekseli ya nyuma, akaizungusha mara tatu kwenye nguzo ya kona, akampa Useni ncha.

"Hii ni ya nini? Hatuendi ziwani," mmoja wa wanaume alisema.

"Ni ya kushika ikitaka kukimbia."

"Na nani atasema twende, nani atasema simama?"

Wanaume wakamgeukia Eugène. Eugène akatikisa kichwa.

"Hapa kwenye kiti mi naona upande moja tu. Yeye anaona yote. Sauti ni moja, na ni ya mama Suzanne."

Wawili walinung'unika. Casimir, mguu mmoja bado mtupu, aliwaambia wanyamaze washike mitaimbo.

"Sukuma!" Godelieve aliita. "Simama! Gogo! Sukuma!"

Na kamioneti ikatembea. Nje ya gereji wanawake waliokuwa wamejaza uwanja wakapiga vigelegele. Matako yalihama kidogo kidogo kuelekea ukuta wa kushoto, magogo yakilia, pua ikizunguka juu ya mawese kama kichwa cha mtu anayegeuka kutazama. Kila gogo lililotoka upande mmoja lilirudishwa upande wa pili. Robo ya mzunguko ikapita. Wakabadilisha: gogo la mawese likahamia chini ya matako, magogo mengine na kamba vikahamia upande wa pua, na pua ikaanza kutembea kuja mlangoni. Godelieve alijikuta anacheka kwa sauti huku akiamuru.

Walipofika katikati ya robo ya pili, gari likavuka mahali ambapo sakafu ilikuwa na mteremko asioujua. Magogo yakaanza kuzunguka yenyewe. Hakuna aliyesukuma, na kamioneti ilikwenda, na mbele yake alikuwa Eugène kwenye kiti chake, magongo yameegemezwa ukutani mbali naye.

"Achieni! Kandoni wote! Useni, kamba!"

Useni alikuwa amekwisha kukaza, visigino vimezama ardhini. Kamba ikalia kwenye nguzo, ikatoa moshi. Godelieve alinyakua kabari mbili, akazisukuma mbele ya gogo kwa mti wake mrefu, moja, kisha ya pili. Kamioneti ikapiga kabari, ikatikisika, ikasimama. Kati ya bampa na magoti ya Eugène palikuwa na nafasi ya mkono mmoja.

Eugène akavuta pumzi. "Simama," akasema kwa sauti ndogo.

Hapo Godelieve akacheka mpaka machozi yakamtoka, akambusu paji la uso mbele ya watu wote, akamhamisha na kiti chake hadi uwanjani. Kisha akarudi ndani.

Saa tisa alasiri pua ilikuwa chini ya boriti, na kamioneti imerudishwa juu ya mafungu yake ya mbao. Moteri ilipanda kwa mnyororo siku iliyofuata, ikashuka mahali pake kwa kujipenyeza kidogo kidogo, na Jumamosi Godelieve alikaa kwenye kiti cha dereva kwa mara ya kwanza. Eugène alisimama ubavuni kwa magongo yake, Useni akamimina petroli, Casimir akaishika manivela, chuma cha kuzungushia moteri, mbele.

"Kanyaga hii. Hapana, ile. Sasa, Casimir, zungusha!"

Ilikohoa. Ikakohoa tena. Mara ya tatu ikashika, ikanguruma, mabati yakalia juu ya vichwa vyao, kuku wakatawanyika uwanja mzima. Kamioneti ilitetemeka juu ya mafungu yake manne, haina pa kwenda, inanguruma tu.

"Ongeza!" Eugène alipaza sauti, machozi yakimtiririka. "Mama Suzanne, ongeza!"

Godelieve akakanyaga.