Aliyetangulia Mahameni

Mwalimu Crispus Mwakio hakuwa amezoea kushindwa kwa baiskeli, na hilo ndilo lililomponza.

Kwao ni Taita, nchi ya milima, ambako mtu hujifunza kwanza kushuka bila kufa, kisha kupanda bila kulia. Alipohamishiwa kisiwa cha Pate kufundisha shule ya Mbwajumali, alitua na sanduku la bati na baiskeli ya mbio yenye usukani uliopindwa kama pembe za kondoo. Watu waliitazama kwa huruma. Tairi zake zilikuwa nyembamba kama ukanda, na kisiwa kizima ni mchanga. Crispus hakubishana na mtu. Alitia tairi nene, akainua kiti kidogo, na mwezi haukuisha kabla hajaanza kuwapita wenyeji kwenye njia zao wenyewe.

Pate si nchi ya milima, ila pia si sinia. Kutoka Faza kwenda Siyu, na kutoka Siyu kwenda mji wa Pate wenyewe, njia hupanda na kushuka juu ya vilima vilivyokaa kama migongo ya ng'ombe waliolala. Hupita mashamba na vijiji vyenye misikiti mikongwe ambayo hakuna aliye hai anayejua ilijengwa na nani. Kabla ya kufika Siyu, upande wa kushoto, kuna magofu ya mji uliohamwa zamani sana. Wenyeji hupaita Mahameni. Kila mpanda baiskeli wa kisiwa hicho akifika hapo hushuka, hukokota baiskeli yake kimya mpaka apite, ndipo apande tena. Crispus alidhani ni heshima kwa makaburi. Yeye hakushuka hata siku moja.

Mwaka wa sitini na nane, vita vya shifta vya upande wa bara vilipokuwa vimekwisha kutulia, watu waliamua kuisherehekea Madaraka kwa mashindano ya baiskeli: kutoka Faza, kupitia Siyu, hadi Pate. Waliojiandikisha walikuwa wachache, na kila mtu alijua mbio ni za wawili tu, Mwalimu Crispus na Ridhwani wa Siyu.

Ridhwani alikuwa mshona makubadhi, kijana mwembamba mwenye miguu mirefu na maneno makali. Crispus hakumpenda sana. Siku moja, mbele ya watu, Ridhwani alikuwa amemwambia, "Mwalimu, weye wapanda baiskeli kana mtu afukuzwao." Watu wakacheka, na kicheko kile kikabaki kikimkereketa Crispus moyoni.

Waliondoka Faza jua likiwa limekwisha kupanda. Mvua za masika zilikuwa zimenyesha usiku, mchanga ukashikana vizuri chini ya tairi. Crispus, ndani ya fulana yake nyekundu, alitangulia tangu mwanzo. Kilima cha kwanza, cha pili, kila akigeuka anamwona Ridhwani nyuma na fulana yake nyeupe na kikoi alichokipandisha juu ya magoti. Wale wengine walikuwa wamekwisha kukata tamaa na kurudi Faza.

Katikati ya mpando mmoja mrefu mnyororo wa Crispus ukachomoka. Alishuka akilaani kwa Kitaita. Ridhwani akampita bila kupunguza mwendo.

"Tutaonana Pate, Mwalimu! Nitakuwekea biriani!"

Crispus aliurudisha mnyororo kwa vidole vilivyojaa grisi, akapanda tena, akakanyaga kwa hasira. Alivuka kilima kile, akavuka na cha pili, ndipo akamwona: fulana nyeupe, kikoi, kofia ya kazi ya mkono. Ridhwani alikuwa juu ya kilima cha mbele. Crispus akatabasamu. Umbali ule aliuweza.

Lakini umbali haukupungua. Alipoongeza mwendo, yule wa mbele alibaki pale pale alipokuwa, kilima kimoja mbele. Alipopunguza ili avute pumzi, yule naye hakumwacha. Crispus akapiga kengele kumchokoza. Yule akainua mkono mmoja juu bila kugeuka, akaushusha.

Ndipo Crispus akaanza kusikia ukimya. Njia hiyo haikosi tetere wala panzi, wala upepo kwenye minazi. Mchana ule alisikia mnyororo wake peke yake. Akatazama mbele, yule mtu akiupanda mwinuko mkali, akaona kwamba miguu yake haizunguki. Imetulia juu ya pedali, na baiskeli inapanda.

"Ni jua," Crispus alijiambia. Jua lilikuwa utosini, na jasho lilikuwa limemwingia machoni. Akajifuta, akaendelea.

Walipokaribia Mahameni, yule mtu hakushuka. Alikata kushoto, akaingia kwenye kijia kilichofunikwa na majani, akapotea kati ya kuta za magofu.

Damu ikampanda Crispus. "Mwizi! Anakata njia!" Hakujiuliza njia ya mkato kupitia magofuni ingemfikisha wapi. Akageuza usukani, akamfuata.

Ndani ya magofu kulikuwa na baridi. Kuta za matumbawe zilisimama bila paa, miti imeota ndani ya vyumba. Ukuta wa kibla wa msikiti ulikuwa bado mzima, na juu yake matundu ya duara ambamo zamani walipachika sahani. Mbele ya msikiti ule palikuwa na uwanja mdogo uliotandwa na majani ya mitambaazi, mabichi, yaliyonona kwa mvua. Ng'ambo ya uwanja alisimama yule mtu. Mguu mmoja uko chini, mwingine juu ya pedali. Amempa Crispus mgongo, kama anayemngoja.

"Ridhwani!" Crispus aliita. "Hii ndiyo njia ya Pate?"

Yule hakugeuka. Crispus akateremka, akaanza kuikokota baiskeli kukata uwanja, moja kwa moja kumwendea.

"Usiye huku!" sauti ikapiga kelele. "Simama papo hapo! Usiye!"

Ilikuwa sauti ya Ridhwani, na ilitoka chini ya ardhi.

Crispus akaganda. Tairi ya mbele ilikuwa imekwisha kuzama kwenye majani, na chini yake hapakuwa na kitu. Akaivuta nyuma, akapiga magoti, akayafunua kwa mkono yale majani yaliyokuwa yamejifunga tena. Kisima cha kale, kipana, kuta zake zimemomonyoka. Kina chake kilikuwa kama watu wawili kwenda juu, na ndani yake, matopeni, alisimama Ridhwani akiwa ameushika mkono wake wa kushoto kifuani. Baiskeli yake ililala miguuni pake, gurudumu limepinda.

Crispus akainua macho. Ng'ambo ya uwanja hapakuwa na mtu.

"Ni nani huyo?" Ridhwani aliuliza kutoka chini.

"Ni mimi. Crispus."

"Soma shahada."

"Ridhwani, mimi si Mwislamu, unajua."

"Basi soma chenu! Soma, ama usinikaribie!"

Crispus akaanza Baba Yetu uliye mbinguni. Alipofika kwenye mkate wa kila siku maneno yakampotea, yeye aliyeyasoma tangu utotoni. Akarudia mwanzo mpaka akafika amina. Kule chini Ridhwani alishusha pumzi ndefu, kisha akaanza kulia.

"Umeangukaje humu?" Crispus aliuliza.

"Nalikuwa nikikuandama weye."

"Mimi? Si ulinipita, mnyororo umetoka?"

"Nalikupita. Kisa nikakuona mbele yangu na fulana yako nyekundu. Nikasema, huyu amenipitia wapi? Ukaingia Mahameni, nami nikasema sikubali. Miaka yote hushuka hapa, Mwalimu. Leo kwa ajili yako sikushuka." Akainua uso. "Nawe umekuya na nani?"

Crispus akatazama tena ng'ambo ya uwanja. Alilala kifudifudi, akaiteremsha baiskeli yake kisimani akiwa ameishika gurudumu la nyuma, Ridhwani akaisimamisha juu ya ile yake, akaiegemeza ukutani. Akapanda kama apandaye ngazi, akiuma meno, akakanyaga fremu, kisha kiti, mpaka Crispus akaukamata mkono wake mzima na kumvuta juu. Walianguka pamoja kwenye majani, wakakaa hapo wakihema. Hakuna aliyezungumzia kuzitoa baiskeli.

Crispus aliivua fulana yake, akaufunga mkono wa Ridhwani shingoni. Walipokuwa wakitoka alitazama chini. Katika mchanga ule mbichi zilikuwepo alama za baiskeli mbili zikiingia Mahameni, ya Ridhwani na ya kwake. Hapakuwa na alama nyingine.

Walikwenda Siyu kwa miguu, bega kwa bega, ingawa njia ilikuwa nyembamba na miiba iliwachana miguu. Penye mabonde walishikana mikono kama watoto.

Mwanzo wa mji, kivulini mwa ukuta, alikuwa amekaa Bi Esha, mamake Ridhwani, pamoja na wanawake wengine waliotoka kutazama mashindano. Alipowaona alisimama, na buibui likamwanguka begani.

"Mumerudi na ndia gani?" aliuliza.

"Hatujarudi, mama," Ridhwani akasema. "Ndiyo kwanza twafika."

"Mumepita hapa kitambo. Nyote wawili, mumepanda, mmoja huku na mmoja huku. Tumewapigia vigelegele." Wanawake wengine wakaitikia kwa vichwa. "Weye mwanangu hukunitazama. Mwalimu ndiye aliyeniamkia. Nami nikastaajabu, kwa kuwa aliniamkia kwa Kisiu, kana aliyezawa hapa."

Crispus alikuwa hajui Kisiu hata cha kuombea maji.

Bi Esha akamwendea mwanawe. Alimpapasa uso kwa viganja vyote viwili, paji, pua, kidevu, kama kipofu anayetafuta kitu. Kisha akamgeukia Crispus, akampapasa naye vivyo hivyo, akawaingiza ndani na kufunga mlango mchana kweupe.

Kule Pate watu walingoja mpaka alasiri ikaadhiniwa. Utepe haukukatwa na mtu. Konstebo Kamau, aliyekuwa akisimamia mwisho wa mashindano, aliifuata njia mpaka Siyu kuwatafuta. Hakukutana na mtu yeyote, na njia ni ile ile moja.

Kamau hakuwa mtu wa kuogopa mambo asiyoyaona. Kesho yake asubuhi alichukua watu na kamba, akaenda Mahameni kuzitoa baiskeli. Alirudi mikono mitupu, akamwita Crispus kando.

"Hazimo kisimani. Zimeegemezwa kwenye ukuta wa msikiti, zote mbili. Ile iliyopinda gurudumu, imenyooka."

"Mbona hukuzileta?"

Kamau alijikuna shingo. "Nilishika kiti cha moja. Kilikuwa na joto, Mwalimu. Kama mtu ndiyo kwanza ameteremka."

"Jua hilo."

"Zilikuwa kivulini."

Hawakuzifuata tena, na hakuna mwingine kisiwani aliyezitaka.

Mkono wa Ridhwani uliungwa na mganga wa mifupa wa Siyu, ukapona, ingawa haukunyooka sawasawa. Crispus alikaa Pate mpaka alipohamishwa, na Ijumaa baada ya shule alikuwa akitembea kwa miguu kwenda Siyu kumtazama rafiki yake, kwa maana urafiki ulikuwa umekwisha kuwashika. Alikuwa akiizunguka Mahameni kwa mbali, kupitia mashambani. Ridhwani alikuwa akitoka kumpokea nje ya mji. Wakionana kwa mbali, hakuna aliyemwita mwenzake. Walisimama, kila mmoja alipo, wakatazamana kwa muda. Kisha Ridhwani alikuwa akisema kwa sauti, "Soma," na Crispus alianza Baba Yetu polepole, akitembea.

Hakuna hata siku moja ambayo Ridhwani alimsogelea kabla hajafika amina.