Diski Iliyojibu Sifuri

Kitendawili, mwanangu, tega sikio: mgeni wangu nikimuuliza anakula kiasi gani, hujibu kwamba hana kipimo, nikimwekea sinia zima, hunyamaza kimya mpaka nimzime na kumwasha upya. Ni nani? Umeshindwa? Basi nipe mji. Ukinipa Gabrovo, kule Bulgaria, hutakuwa umeutoa bure, maana mgeni mwenyewe yuko huko huko, juu ya meza ya Bistra Kaludova, asubuhi ya Alhamisi, naye amenyamaza kwa mara ya tano.

Mgeni ni diski, kitu chembamba kama biskuti, kisicho na gurudumu wala sindano ndani yake. Bistra alikuwa mwandishi wa viendeshi, zile programu zinazosimama kati ya kompyuta na diski kama mkalimani kati ya wakwe wasiojuana lugha. Miaka ishirini na sita aliifanya kazi hiyo katika karakana ndogo juu ya duka la nyuzi. Diski mia mbili za aina hiyo zilikwisha kufungwa. Kesho yake saa sita mchana gari lingezichukua kwenda kutiwa ndani ya mashine za eksirei za zahanati za milimani. Picha ikikosa kuandikwa, mgonjwa hupigwa mionzi mara ya pili. Mzigo huo Bistra hakutaka uwe shingoni mwake.

Diski inapowashwa, kiendeshi huiuliza maswali, na mojawapo ni hili: nikutwike kiasi gani kwa mkupuo mmoja? Moja hujibu kilobaiti mia moja ishirini na nane, nyingine hujibu megabaiti nzima. Ombi likizidi kipimo, kiendeshi hulikata vipande na kuvipeleka kimoja kimoja. Hii ilijibu sifuri, na kitabu cha kanuni kinasema sifuri maana yake hakuna kikomo. Mtu wa kwingine huenda angeweka kikomo chake mwenyewe, kwa tahadhari. Lakini Bistra alikuwa mzaliwa wa Gabrovo, mji ambao majirani huwacheka watu wake kwamba husimamisha saa usiku, magurudumu yasichakae. Bibi yake alipandisha kuni ghorofani kwa safari moja tu, akidai kila ngazi hula soli. Naye mjukuu alipoiona ile sifuri, moyo ulimtulia: picha nzima, safari moja.

Aliichukua karatasi ya majaribio, akaenda nayo hadi meza ya dirishani, kwa Yordanka Mineva, mpimaji wa karakana. Kila mstari ulikuwa na alama ya kufaulu.

"Alama hii ya picha kubwa umeitia wewe?"

"Nimeitia mimi, dada."

"Kwa diski hii?"

Yordanka aliitazama karatasi. "Kwa ile ya mwezi uliopita. Nikasema hawa ni ndugu, tumbo moja. Hii ningeipima jana, lakini jana Jumatano ilinibidi niende kwa mama."

Bistra alikuwa amekuja na maneno yaliyonolewa tangu mezani pake. Aliyaacha yote alipoiona orodha iliyobandikwa kando ya dirisha. Kazi kumi na moja za wiki, kwa mwandiko wa Bistra mwenyewe. Nne kati ya hizo alikuwa ameziongeza Jumatatu, mkono mmoja ukiwa kwenye kitasa cha mlango. Alikumbuka vizuri: alimuuliza Yordanka anaweza kubeba ngapi, Yordanka akasema weka tu, dada, usijali. Akaweka, akaondoka, asisubiri hata mlango ujifunge nyuma yake.

"Lete kiti," Bistra alisema. "Tuipime sasa hivi, sisi wawili."

Wakaanza chini, wakipanda kidogo kidogo. Kilobaiti mia moja ishirini na nane, diski ikaandika. Mia mbili hamsini na sita, ikaandika. Mia tano na kumi na mbili, ikaandika. Walipofika megabaiti moja ikanyamaza. Kiendeshi kikasubiri sekunde thelathini, kisha kikatangaza kwamba imekufa.

"Kama shemeji yangu harusini," Yordanka alisema. "Alijigamba, mimi pombe ya rakia hainiwezi, mimi rakia hainiwezi. Glasi ya tatu, tukambeba na kiti chake."

Bistra alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaandika mistari michache: diski hii ikijibu sifuri, isisadikiwe, vipande visizidi kilobaiti mia mbili hamsini na sita. Yordanka akauliza kwa nini isiwe mia tano na kumi na mbili, nayo imepita. Bistra alisema mzigo wa mtu haupimwi hatua moja tu kabla ya pale anapodondokea.

Picha moja ikaenda kwa safari sitini na nne. Bistra aliwaza soli za bibi yake, akaziacha zilike. Kufikia alasiri walikuwa wameandika picha mia tano na kuzisoma tena, hakuna iliyopungua hata nukta. Diski zingeondoka.

Yordanka akaanza kukusanya vitu vyake. Bistra hakuinuka. Alibandua ile orodha ukutani, akailaza mezani, akashika kalamu.

"Jumatatu nilikuuliza swali."

"Nami nikakujibu."

"Ulinijibu sifuri."

Yordanka alicheka, kisha kicheko kikamwishia njiani. Akaketi, mkoba ukiwa mapajani. Juu ya sahani kipande chake cha banitsa, mkate wa jibini, cha asubuhi kilikuwa bado kizima, jibini limeganda pembeni. Akaupitia kwa macho ule mwandiko, mstari kwa mstari, midomo ikicheza bila sauti. Sekunde thelathini zilipita. Zikapita nyingine thelathini, na Bistra alikuwa bado ameketi, mgongo wake ukielekea mlangoni.

"Kazi tano," Yordanka alisema. "Na Jumatano usinitwike kitu. Jumatano ni ya mama."