Uzi wa Bluu

Saa kumi na mbili na dakika tano asubuhi, bakuli la maji liliondolewa sakafuni. Bakuli la chakula lilikuwa limeondolewa tangu jioni ya jana yake, likaoshwa na kuwekwa juu ya kabati, mahali ambapo Mzee, baba wa nyumba hiyo, asingelifikia bila kupanda kiti. Pindo alilifuata bakuli la maji hadi mlango wa jikoni, akasimama hapo kidogo, kisha akarudi kulala kwenye mkeka wake. Alikuwa mbwa jike wa rangi ya kahawia, mdomo umeshaota mvi.

Aliyeyaondoa mabakuli alikuwa binti wa nyumba hiyo, mkaguzi wa mizani. Kazi yake ilikuwa kupita sokoni na madukani na sanduku la mawe ya kupimia, kuhakikisha kwamba kilo ya muuzaji ni kilo kweli. Wenye maduka walimwita Mama Gramu, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi.

Baba yake alitoka chumbani amevaa shati, tai, na utepe wa kupimia shingoni.

"Mbwa hajala," alisema.

"Hatakiwi kula, baba. Leo anapasuliwa."

"Kwa nini asile?"

"Akilazwa kwa dawa ya usingizi tumbo limejaa, anaweza kutapika, na matapishi yakaingia kwenye mapafu."

Mzee alilipima jambo hilo. "Na daktari mwenyewe kala?"

"Sijui."

"Muulize. Asije akampasua mwenzake ana njaa na yeye kashiba."

Alikuwa fundi cherehani maisha yake yote, na mabinti wa mji mzima waliolewa na wanaume waliovaa suti zake, kama alivyopenda kusema mwenyewe. Kwa miaka miwili sasa kumbukumbu zake zilikuwa zikipungua, na daktari wa hospitali alishasema kwamba kilichopotea hakitarudi. Kila asubuhi alivaa na kutoka kwenda kwenye duka lake la ushonaji, ambalo lilishabomolewa. Pindo alikwenda naye. Walipofika kwenye kona ya posta, Pindo alisimama, akageuka na kuanza kurudi nyumbani. Mzee alimkaripia, akamwita mvivu, kisha akamfuata. Hakuna aliyemfundisha mbwa huyo. Binti alipoambiwa na majirani hakuamini, akawafuata kwa mbali asubuhi kadhaa mpaka akajiridhisha. Tangu hapo alikwenda kazini bila wasiwasi. Mbele ya kona ile kulikuwa na barabara kuu, yenye malori.

Kwa hiyo Pindo alipoanza kunywa maji kupita kiasi na kuacha chakula, na daktari wa mifugo akasema kizazi kimejaa usaha na lazima kitolewe kesho yake asubuhi, binti alitaka kujua jambo moja tu.

"Ana nafasi kiasi gani?"

"Nzuri. Ila figo zake zimechoka kidogo kwa ule usaha. Upasuaji mmoja atauhimili."

"Nzuri ni kiasi gani?"

"Dada, mimi natibu wanyama," daktari alisema. "Siuzi kwa kilo."

Kliniki ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la vyakula vya mifugo. Sakafu ilinuka dawa ya kuulia vijidudu. Asubuhi ile ya upasuaji Pindo alipandishwa kwenye mizani, na binti akainama kusoma.

"Mteremshe kwanza," alisema. Pindo akateremshwa. Mizani ikabaki inaonyesha gramu mia nne na hakuna kitu juu yake.

"Leo nimepatikana," daktari alisema.

"Dawa ya usingizi si mnaipima kwa uzito?"

"Ndiyo, mama, ndiyo." Alirudi nyuma, akamwachia nafasi. Binti alizungusha kiskrubu cha pembeni mpaka mshale ukatulia kwenye sifuri, na Pindo akapimwa upya.

Tumbo lilinyolewa kuanzia chini ya mbavu, likasuguliwa kwa dawa ya rangi ya kahawia. Mlango ukafungwa. Binti na baba yake walikaa kwenye benchi la nje, maana bila Pindo nyumbani hapakuwa na wa kumwachia Mzee. Mzee aliuliza mara nyingi wanamsubiri nani, na kila mara alijibiwa kwa maneno yaleyale.

Alasiri daktari aliwaita ndani. Upasuaji ulikwenda vizuri. Pindo alikuwa amelala ubavu, ulimi nje, macho nusu wazi. Katikati ya tumbo lake tupu palikuwa na mstari mrefu ulioshonwa kwa uzi wa bluu, fundo baada ya fundo. Mzee alivaa miwani yake na kuinama.

"Mishono ya nani hii?"

"Ya kwangu, Fundi."

"Imeachana mno. Na uzi wa bluu kwenye kitambaa cha waridi! Kijana, wateja unao?"

Daktari alicheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Hawalalamiki, Fundi."

"Au hii ni bandi?"

Binti alimfafanulia daktari. Bandi ni mshono wa muda. Fundi huupiga kwa mkono, nyuzi ndefu za rangi tofauti, kukishika kitambaa mpaka cherehani ipite. Baadaye nyuzi hizo huchomolewa.

"Basi umepatia, Fundi," daktari alisema. "Ni bandi tu hiyo. Tutaitoa."

"Ahaa," Mzee alisema, akavua miwani. "Sasa nimekuelewa."

Nyumbani binti alifuata maelekezo yote. Mkeka ulihamishiwa sebuleni, mbali na ngazi. Dawa za maumivu zilitolewa kwa saa. Kidonda kilikaguliwa asubuhi na jioni, kama kimevimba, kama kinatoa maji, kama kinanuka. Hakikuvimba wala kunuka. Tatizo lilikuwa koni ya plastiki aliyovishwa Pindo shingoni ili asijilambe. Aligonga nayo miimo ya milango, akakwama chini ya meza, akaacha kutembea kabisa.

"Nani kamgeuza mbwa tarumbeta?" Mzee aliuliza.

"Ni ya kumzuia asilambe mshono, baba."

"Sasa si umshonee kifulana? Kitu cha kufunika tumbo. Vifungo mgongoni, asivifikie. Hayo mambo ya kuvalishana ndoo ni ya watu wasiokuwa na fundi ndani ya nyumba."

Alikuwa hajakaa kwenye cherehani kwa zaidi ya mwaka. Binti alimpigia daktari simu, na daktari akasema fulana inafaa, mradi isibane. Mzee alimpima Pindo kifua, kiuno na urefu wa mgongo, akaitamka kila namba kwa sauti, na kila namba ilikuwa sahihi, maana binti alizihakiki nyuma yake kwa utepe mwingine. Alikata shuka la zamani la pamba. Alipiga bandi, akapitisha cherehani, akachomoa bandi, akashona vifungo. Fulana ilimkaa Pindo vizuri kuliko koti la shule lilivyopata kumkaa binti mwenyewe. Jirani wa mkono wa kushoto, mama mmoja mnene mwenye sauti ya mnadani, aliitwa aje kuona.

"Fundi! Na mimi nishonee!"

"Kitambaa hakitatosha," Mzee alisema, na jirani akacheka mpaka akashika ukuta.

Siku iliyofuata binti alirudi kazini. Jirani aliahidi kupita mchana. Geti lilikuwa wazi kama kawaida, ila Mzee hakutoka. Asubuhi alisema hana haja ya kwenda dukani, kazi iliyopo ni ya hapahapa.

Yaliyotokea yalijulikana baadaye, kwa maelezo ya jirani na ya Mzee mwenyewe. Jirani alipopita mchana alimkuta Mzee kwenye meza yake ya kukatia, dirishani penye mwanga. Pindo alikuwa amelazwa chali juu ya meza, fulana imefunguliwa, ametulia, mkia unatikisika. Alizoea kushikwashikwa na mikono ile. Mzee alikuwa ameinama na miwani. Jirani alidhani anarekebisha fulana.

"Nilimwambia hongera, Fundi," alisema jirani. "Nilimwambia hivyohivyo. Hongera. Akaniambia nisimzibie mwanga, nikaondoka zangu."

Binti alirudi saa kumi na moja jioni. Pindo hakuja mlangoni. Alikuwa kwenye mkeka, fulana imefungwa vifungo vyote, na upande wa chini imelowa damu. Binti alipiga magoti, akafungua kifungo kimoja kimoja. Ngozi ya tumbo ilikuwa imeachana kutoka juu mpaka chini, na pembeni mwa kidonda hapakuwa na uzi hata mmoja.

Nyuzi zilikuwa kwenye meza ya kukatia, zimekusanywa ndani ya kisosi cha pini, pamoja na kijimkasi.

"Baba. Umefanya nini?"

"Nimetoa bandi," Mzee alisema. "Yule kijana wako alisahau. Ile kazi ilishamalizika, uzi bado unaning'inia. Aibu, binti yangu, kumrudishia mtu nguo na bandi ndani."

Binti alirudi kwenye mkeka. Alimfunga Pindo kwa taulo safi, akamwita jirani aje akae na Mzee, akatafuta gari.

Daktari aliwasha taa ya juu ya meza na kukikagua kidonda kutoka juu mpaka chini. "Hazijachanika," alisema hatimaye. "Zimekatwa. Tena kwa ustadi, hakuna mkwaruzo hata mmoja kwenye ngozi. Nani?"

"Baba. Anasema ni bandi."

Daktari aliweka chini pamba aliyokuwa ameshika.

"Ni mimi niliyemwambia hivyo."

"Ulikuwa unatania."

"Nilikuwa natania."

Binti hakumwambia kwamba haidhuru. Alimuuliza sasa nini kifanyike. Mshono wa ndani ulikuwa umelegea sehemu mbili, labda Pindo aliporuka kutoka mezani. Ilibidi alazwe tena kwa dawa, asafishwe na kushonwa. Wote wawili walikumbuka alichosema daktari kuhusu upasuaji mmoja, na hakuna aliyekirudia. Safari hii binti hakuitazama mizani. Aliruhusiwa kubaki ndani, akamshika Pindo kichwa mpaka macho yakalegea.

Alishonwa. Aliamka nusunusu, akalala tena. Asubuhi, kabla ya saa mbili, daktari alipiga simu. Figo zilikuwa zimesimama, kisha moyo. Aliuliza kama waje kumchukua au azikwe nyuma ya kliniki pamoja na wengine. Binti alisema azikwe hapo. Aliuliza pia Pindo alikufa saa ngapi hasa, akaambiwa, akashukuru.

Jirani, aliyekuwa amesimama mlangoni, alisema, "Mzee usimwambie ni yeye."

"Akiniuliza nitamwambia."

"Mama Gramu, jamani. Huyo ni baba yako, si muuza sukari."

Binti aliingia chumbani kwa baba yake. Alimwambia Mzee kwamba Pindo amekufa baada ya upasuaji. Mzee alikaa kitandani, akalia bila kutoa sauti, tai ikalowa. Hakuuliza amekufa kwa nini. Mchana alikuwa ametulia, akauliza mbwa amekula nini leo. Binti alimwambia tena. Akalia tena, vilevile, kwa kiasi kilekile. Jioni hakuuliza.

Kesho yake asubuhi Mzee alivaa shati, tai na utepe wa kupimia, akatoka. Binti hakumzuia. Alitaka kuona mwenyewe, kama alivyofanya siku zile za mwanzo, baba yake atafanya nini bila mbwa. Alimfuata kwa mbali, sanduku la mawe mkononi, kwa kuwa bado hakuwa ameomba ruhusa kazini.

Mzee alipita duka la simu, akapita kinyozi, akasalimia watu wawili. Alipofika kwenye kona ya posta akasimama. Alitazama chini, upande wa mguu wake wa kushoto. Alisubiri. Watu walimpita kulia na kushoto. Lori lilipiga honi kwenye barabara kuu, naye akapiga hatua kuelekea huko, kisha ya pili.

Binti aliweka sanduku chini na kukimbia. Alimshika mkono.

Mzee aligeuka, akamtazama kwa adabu. "Samahani, dada. Hujaona mbwa hapa? Jike, wa kahawia."

"Amekufa, baba."

"Aa." Mzee aliushika mkono wa binti kwa mikono yake yote miwili, kama mtu aliyefika msibani. "Pole. Pole sana, dada. Alikuwa wako?"

"Alikuwa wetu."

"Pole," Mzee alisema tena.

Walirudi pamoja. Binti aliliokota sanduku njiani, na hakuuachia mkono wa baba yake mpaka walipoingia ndani ya geti.