Sikuwapoteza

Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini Kigali mwishoni mwa 1994 watu walificha kifo chenyewe, na hapakuwa na wa kuwaumbua.

Kaliza aliyaona hayo katika mtaa wa Gikondo, ndani ya ghala lililogeuzwa ofisi ya shirika la misaada. Alikulia Tanzania ukimbizini, akarudi na stashahada yake ya lugha. Kazi yake ilikuwa kusikiliza ushahidi wa walionusurika mauaji ya kimbari, kuupiga chapa kwa Kiingereza, kisha kumsomea shahidi mwenyewe kwa Kiswahili kabla hajaweka dole gumba.

Asubuhi hiyo alikuja Gaudiose, aliyeokota Kiswahili chake akiwauzia maharage madereva kwenye magereji. Akasema jirani yake, Sibomana, ndiye aliyewaua wanawe. Kaliza akapiga chapa: "killed".

Winifred, msimamizi aliyekulia Kampala, akalikata neno kwa kalamu nyekundu. "Dada, weka 'lost'. Wafadhili hawataki damu mezani."

"Unajua neno hilo lilikotoka?" Kaliza akauliza. "Waingereza wa kale walipolitamka walimaanisha kuangamia. Wakalilegeza karne baada ya karne, mpaka leo wanalitumia kwa funguo, mechi na miavuli. Ndiko unakotaka kuwaweka watoto wa huyu mama?"

"Yee, profesa! Hatukuajiri kamusi hapa. Piga chapa."

Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa ikimlisha. Akapiga. Kisha, kama ilivyo desturi, akasoma: "Nimepoteza watoto wangu."

Gaudiose akauondoa mkono kwenye wino. "Nimepoteza? Mimi? Ku soko? Mwana wangu, na Sibomana iko wapi humo?"

"Hayumo, mama," Kaliza akasema.

"Basi mwenye makosa iko mimi."

Akafuta kidole kwenye kitenge, akatoka.

Kaliza aliichana karatasi ile, akapiga nyingine yenye neno lake la kwanza, "killed", akamkimbilia hadi langoni. Gaudiose hakuipokea. "Andika, usiandike. Watoto haiko." Akashika njia ya kuelekea kwenye nyumba ambayo haikuwa na mtu.

Kaliza aliporudi ofisini, Winifred alikuwa amesimama na vipande vya karatasi kiganjani. "Nenda kwa mkurugenzi ukaombe radhi sasa hivi. La sivyo, kesho usije."

Kaliza akaiweka ile karatasi mpya mezani, ikiwa haina alama ya dole. Haikuwa na faida kwa yeyote tena.

"Wa kuombwa radhi ameshaondoka," alisema. "Ninyi siwaombi."