Kichwa cha Mama Mkwe

Mume wangu Timarato huchonga wanawake wa aina mbili. Wale wanaoheshimiwa na mji wetu wa Rodo huwapa sura ya binti mbichi, hata wawe vikongwe. Ndiyo desturi, na mwenye kulipa hupenda kudanganywa. Wale wa mzaha, walevi na wauza bata wa sokoni, huwachonga na makunyanzi yao yote. Vichwa huvichonga kando na miili, mimi nikavipaka rangi, kisha hupachikwa kwenye viwiliwili kwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa.

Mwaka ule mji uliamua kumsimamishia sanamu hekaluni mama yake Timarato, Nikaso, aliyemtumikia mungu wa kike Demetra tangu ujana. Wakati huohuo mkulima mmoja wa zabibu akaagiza kikongwe mlevi, anacheka huku amekumbatia mtungi wa divai. Timarato akavichonga vichwa vyote viwili. Cha mama kilikuwa kizuri na baridi kama sahani mpya. Cha mlevi, nilipokuwa nakipaka rangi, nilicheka peke yangu: jicho moja dogo kuliko jingine, pengo la mbele, na kidevu kilekile kinachonitangulia jikoni kila asubuhi. Nikaendelea kupaka rangi. Mke mwenye akili hamfundishi mume sura ya mama yake.

Siku moja kabla ya sikukuu ya Demetra, Dorkoni, fundi wa kupachika, alikuja na punda wake kuchukua kichwa cha sanamu ya hekaluni. Akakuta vikapu viwili mlangoni, akachukua kimoja. Jioni Timarato akafunua kile kilichobaki, akamkuta binti mzuri ametulia ndani. Tukamwita Dorkoni mbio.

“Kaka, nilivifunua vyote viwili,” alisema, wala hakuwa na wasiwasi. “Kimoja sikukijua. Kingine ni Mama Nikaso, alinipakata nikiwa mdogo. Ulitaka nipachike kipi?”

Risasi ilikuwa imeshaganda. Ukikitoa kichwa, shingo inavunjika. Na sikukuu yenyewe ni ya wanawake peke yao, mwanamume hakanyagi mle ndani mpaka iishe. Mume wangu alisema amemweka mama yake mbele ya mji mzima na uso wa mlevi, na kwamba mama hatamsamehe. Nilimwonea huruma kwelikweli, maana anampenda yule mama kuliko anavyojua kusema.

Asubuhi nikaingia na mama mkwe. Kitambaa kilichofunika sanamu kilipovutwa, wanawake wote walisogea mbele. Palikuwa na vazi la heshima, mikunjo yake laini kama maji, na juu yake kikongwe mwenye pengo ameangua kicheko. Kisha wazee wenzake wakaanza kucheka, mmoja akasema, “Nikaso, ni wewe hasa.” Mwenyewe alipapasa lile pengo la jiwe, halafu akapapasa la kwake.

Timarato alikuwa anatusubiri nje ya lango, amejibanza ukutani.

“Mama, nisamehe. Kichwa chako kiko nyumbani, kizuri sana. Kilichopachikwa kilikuwa cha mtu mwingine.”

“Cha nani?”

“Cha kikongwe tu, yeyote.”

“Nani alikaa mbele yako ukimchonga?”

“Hakuna mtu. Nilichonga tu kutoka kichwani.”

Nilisogea kando nikijifanya natoa kokoto kwenye kiatu, lakini masikio yangu yote yalikuwa kwao. Mama mkwe alinyoosha kidole kwenye jicho lake moja.

“Jicho hili dogo hata baba yako hakuliona,” alisema. “Na wewe unakula nami huku umegeuzia macho mawe yako, hujui hata nimevaa nini. Miaka yote hii, mwanangu, nilidhani huniangalii.”

Timarato akamshika mama yake mkono, na njia nzima hakuuachia.