Chumba cha Waliochinjwa

Kabla ya upasuaji wa koo, kaka mtu alikuwa mshereheshaji wa harusi, na watu walimwita Spika. Jina lilibaki, sauti ikaenda. Sasa aliongea kwa vidole: anaandika kwenye simu, anakuonyesha.

Mdogo wake wa kike alikuwa fundi katika kampuni ndogo ya kuhifadhi tovuti. Ndiye aliyemfungulia ukurasa wa kuchati. Walipakua skripti ya bure, programu ndogo ya kuendesha mazungumzo, wakaiweka kwenye seva ya kampuni, kompyuta kuu iliyobeba pia tovuti za wateja wengine. Wakaja watu waliopoteza sauti kama yeye. Walitaniana humo bila huruma, wakajiita Waliochinjwa. Spika akaanza tena kunyoa ndevu.

Shida ilikuwa ile skripti. Kila aliyefungua ukurasa, hata akikaa kimya, kompyuta yake iliisumbua seva kila sekunde: kuna jipya? Kuna jipya? Walipokuwa wachache, seva ilivumilia. Walipojaa, ikaanza kuhema.

Asubuhi moja simu za wateja hazikukatika. Tovuti ya duka la dawa haifunguki. Shule imeshindwa kutoa matokeo. Bosi akaja kusimama nyuma ya kiti cha fundi.

"Nani anatumaliza?"

"Kaka yangu."

Bosi alishusha pumzi. "Namhurumia, kweli. Lakini hawa wengine nao ni watu. Mhamishe kwenye seva ya peke yake."

"Hawezi kuilipia, bosi. Nipe hadi jioni nipunguze mzigo."

Aliibadilisha skripti iulize mara moja kila nusu dakika. Seva ikapata nafuu, lakini mazungumzo yakafa ganzi. Mtu anauliza, haoni jibu, anadhani amepuuzwa. Wakaanza kufungua ukurasa upya, na upya tena, kila mmoja kwa papara zake. Mzigo ukarudi mkubwa kuliko mwanzo.

Siku hiyo humo ukurasani walikuwa na mgeni, mwanamke mshonaji aliyengoja kupasuliwa koo kesho yake. Aliandika: "Spika, nikilia baadaye, nitaisikia sauti yangu?"

Spika aliandika jibu, akalifuta, akaanza tena. Hakutaka kumjibu ovyo. Huko ofisini seva ikalala kabisa, duka la dawa likapiga simu tena, na bosi akasema, "Basi. Zima."

Fundi akauzima ukurasa kwa mkono wake mwenyewe, jibu la Spika likiwa halijatumwa.

Alipofika nyumbani alimkuta kaka yake amekaa jikoni.

"Kaka, nisamehe. Sikuwa na ujanja."

Spika aliandika: "Sikulaumu. Yule mshonaji tutampataje?"

"Alijiandikisha kwa jina la utani tu. Hata namba sina."

"Hospitali je?"

"Hakusema."

Wale waliojuana walihamia kwenye kundi la simu, na utani ukarudi kidogo kidogo. Mshonaji hakutokea. Spika akamwomba mdogo wake aweke maandishi ya kawaida tu pale palipokuwa na chumba cha kuchati, kitu chepesi kisichoisumbua seva. Yalisema: "Hutaisikia, dada. Mwanzoni utaogopa. Lia mahali penye mtu."

Majuma yakapita. Fundi aliendelea kuangalia ni nani anayefungua ukurasa huo. Alikuwa ni Spika peke yake, kila siku, akiwa chumba cha pili cha nyumba yao.